Marehemu Ametia Saini

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye lango la makaburi, na kwa kuwa manispaa huandika kama inayoogopa kusomwa, herufi zake zilikuwa ndogo kama chawa. Barabara inapanuliwa. Makaburi ya upande wa mashariki yatahamishwa. Mwenye ndugu yake alete cheti cha kifo kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Kaburi lisilo na mwenyewe litasawazishwa.

"Kusawazishwa ndiyo nini?" Mama aliuliza.

"Ndiyo tingatinga kupita juu ya baba," alisema mwanawe wa kiume. Alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha, lakini jina la Kiberiti hakulipata kazini. Alilipata kwa hasira zake.

Kaburi la mumewe Mama alilijua hata akifumbwa macho. Lilikuwa mstari wa nne kutoka ukutani, na kigingi chake cha chuma kilikuwa na namba 412. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilipalilia kila mwezi, hata miezi ambayo miguu yake ilivimba na ikabidi akae chini ndipo ang'oe majani. Msimamizi wa makaburi alikuwa amemwona akifanya hivyo miaka yote. Sasa alikaa na daftari lake magotini akamtazama kama mgeni aliyeingia jana.

"Mama, sikatai kwamba kaburi unalijua. Nasema jina ulilonitajia silo lililomo humu."

"Limo lipi?"

"Hilo siwezi kukwambia. Juzi walikuja watu hapa kudai kaburi la mtu wasiyemjua hata sura, wakidhani kuna fidia. Leta cheti. Kikilingana na daftari, nakupa fomu. Kisipolingana, tusichoshane."

"Mume wangu nimemzika mimi!"

"Kila aliye humu amezikwa na mtu, mama."

Binti wa Mama alimshika mama yake mkono kabla Kiberiti, kaka yake, hajamshika yule msimamizi shati. Huyu binti alishona sare za shule kwenye kibaraza cha jirani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mama yake akikasirika. Alikuwa amezoea wateja wakorofi. Alimshukuru msimamizi, akauliza ofisi ya vizazi na vifo hufunguliwa saa ngapi, na machozi akayameza njiani.

Cheti hawakuwahi kukiona. Baba mkubwa, kaka wa marehemu, ndiye aliyeshika mambo yote wakati ule. Alikuwa mtu wa vikao, mwenye kalamu mbili mfukoni na saini ya mikia mitatu, na ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti. Siku ya msiba alimwambia mjane maneno ambayo watu waliyasifu sana: "Wewe lia, shemeji. Karatasi niachie mimi." Mama akalia, karatasi akamwachia. Kila alipouliza baadaye, jibu lilikuwa moja: linashughulikiwa.

Jumanne walipanga foleni kuanzia saa moja. Zamu yao ilifika saa tano. Karani wa vifo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuinua macho.

"Jina la marehemu."

Mama akalitaja, majina yote matatu, kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe chakula kimeiva.

"Tarehe ya kifo."

"Ilikuwa majira ya mvua. Ile mvua kubwa iliyobomoa daraja. Huyu binti alikuwa darasa la saba."

"Daftari halipangwi kwa mvua, mama. Kila mwaka mmoja wa kutafuta una ada yake. Mlipie hapo dirisha la pili mrudi."

Wakalipia miaka mitatu, wasije wakakosea. Karani akafungua orodha ya majina, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akiwa amelowesha ncha yake kwa mate. Nyuma yao foleni ilikuwa ikisonya.

"Hayupo."

"Angalia tena, dada, tafadhali," alisema Fundi.

"Nimeangalia. Miaka yote mitatu hakuna aliyekufa mwenye jina hilo."

"Kwa hiyo hakufa?" Mama aliuliza. Aliuliza kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililofanya watu wacheke.

"Kwa mujibu wa serikali, bado." Karani mwenyewe alitabasamu kidogo. "Sogea pembeni, mama, wenye vifo vyao wapite."

Wenye vifo vyao! Mama alisogea. Aliegemea ukuta, mkoba kifuani, na kila aliyepita kwenda dirishani alimtazama kama mtu aliyefumaniwa akitaka cha bure. Fundi alibaki amesimama palepale mpaka karani akachoka kumwona.

"Sikiliza, dada. Majina huandikwa vibaya, hasa ya waliofia hospitali. Niletee tarehe kamili, nitatafuta kwa tarehe. Kwa mvua siwezi."

Tarehe ilikuwa imechapishwa. Hilo Mama alilikumbuka usingizini, akamwamsha binti yake alfajiri kumwambia. Marehemu alikuwa mwoka mikate, na wenzake wa bekari walichanga wakamtolea tanzia gazetini, yenye picha. Mama aliikata akaitunza sandukuni, panya nao wakaitunza kwa namna yao.

Magazeti ya zamani yalihifadhiwa chini ya ofisi za gazeti, katika chumba kisicho na dirisha, yamejaladiwa kwa miezi. Mtunza maktaba, mzee mwenye mafua ya kudumu, alimletea Fundi majalada manne, akayabwaga mezani vumbi likaruka.

"Wanaotafuta wafu ni wengi siku hizi," alisema. "Zamani walikuja wanaotafuta matokeo ya mpira. Ukurasa wa tanzia ni wa kumi na nne, Jumapili ni wa ishirini. Usilambe kidole."

Fundi alianza saa tatu. Kila siku ilikuwa na wafu wake, na kila mmoja alikuwa baba mpendwa au mama mpendwa, mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu thelathini na wawili. Alijikuta akiwasoma wote. Wengine walikuwa na mashairi, wengine mstari mmoja tu kwa kuwa nafasi hulipiwa. Aliona hata masikini wana tofauti zao mbele ya kifo, na hilo likamkera. Saa nane kasoro, katika jalada la tatu, akakutana na baba yake.

Alikuwa amevaa kofia ya bekari, anacheka. Fundi alikuwa amesahau kwamba baba yake alikuwa na mwanya. Chini ya picha paliandikwa:

*Wafanyakazi wenzake wanasikitika kutangaza kifo cha mwenzao, kilichotokea Jumanne tarehe 9 saa kumi alfajiri katika wodi ya wanaume, hospitali ya wilaya. Ameacha mke na watoto wawili. Mkate wake ulikuwa haurudi dukani. Kwa habari za maziko, msemaji wa familia ni kaka wa marehemu.*

Jina la kaka likafuata, na mahali anapofanya kazi: kiwanda cha nguo.

"Umempata?" aliuliza mzee.

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Mzee akapenga kamasi, akasogea kando, akajifanya anapanga rafu iliyokwisha kupangika.

Alhamisi karani hakulipisha tena. Labda ile picha ya kofia ilimgusa, labda alikuwa ameamka vizuri. Alivuta daftari lenyewe, kubwa kama ubao wa kukatia nguo, akalifungua tarehe tisa.

"Wodi ya wanaume, siku hiyo walikufa wawili. Mmoja ni mzee wa miaka themanini na moja."

"Siye. Baba alikuwa na arobaini na moja."

"Wa pili ana arobaini na saba. Saa kumi alfajiri. Mapafu. Kazi, kiwanda cha nguo." Akasoma jina.

Fundi alilisikia vizuri. Lilikuwa la baba mkubwa, majina yote matatu. Mwenyekiti, ambaye Jumapili iliyopita alikuja kwao akala akashiba, akalalamika chumvi.

"Huyo yu hai," alisema Fundi.

"Humu amekufa. Lakini ngoja." Karani alisogeza miwani. "Yule unayemtafuta wewe nimemwona. Huyu hapa. Yumo safu ya mwisho. Yeye ndiye mtoa taarifa. *Mdogo wa marehemu*. Alikuja tarehe kumi, akaeleza kifo, akachukua kibali cha kuzika. Marehemu wako ametia saini, dada."

Akaligeuza daftari. Fundi akainama. Jina lilikuwa la baba yake, aliyekuwa amekwisha kufa siku nzima alipoliandika. Saini ilikuwa na mikia mitatu. Fundi aliijua saini ile kuliko yake. Ilikuwa kwenye fomu zake zote za shule, mahali palipoandikwa *mlezi*.

Jioni ile walimkuta Mwenyekiti sebuleni, miguu juu ya stuli, anasikiliza taarifa ya habari. Aliwakaribisha kwa vifijo. Fundi aliweka simu mezani, yenye picha ya ukurasa wa gazeti na picha ya ukurasa wa daftari. Mzee alitazama ya kwanza akatabasamu. Alipotazama ya pili alizima redio.

"Mlienda kufanya nini huko?"

"Kutafuta cheti kinachoshughulikiwa," alisema Kiberiti.

"Wewe mtoto, adabu."

"Baba mkubwa," alisema Fundi, "kesho saa tisa ni mwisho. Tunaomba uje ofisini asubuhi, useme kosa lilikuwaje, jina lirekebishwe. Ni hilo tu."

"Ni hilo tu!" Mwenyekiti alisimama. Alikuwa msemaji, na msemaji hasemi akiwa amekaa. "Mnajua kosa lilikuwaje? Baba yenu alikuwa anatema damu, na bekari yao haikuwa na kadi ya matibabu hata ya paka. Kadi ilikuwa yangu. Nikampa. Akalazwa wiki tatu kwa jina langu, akapewa dawa ambazo mimi sijawahi kupewa. Nilihatarisha kazi yangu! Amekufa, amekufa kwa jina langu. Ningesema nini pale dirishani? Kwamba nimewaibia? Ningefukuzwa siku ileile, na watoto sita ndani."

Palikuwa na ukweli katika hayo, na ukweli mchanganyiko ndio mgumu kumeza. Ni Mama aliyejibu, na alijibu akiwa amekaa.

"Kadi ninaijua, shemeji. Shati lako nilimvisha mimi. Nilimwambia, wakiita jina la kaka yako, itika. Akaitika. Kwa hilo nilikushukuru na bado nakushukuru. Lakini ulisema ukishamzika utakwenda kunyoosha, nami nikaamini jina ulishalinyoosha, ni cheti tu kinachochelewa."

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Umestaafu mwaka wa nane huu. Nani atakufukuza?"

"Pensheni je? Wakijua kwamba mimi nimekufa..."

Kiberiti alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na kilimuuma mzee kuliko tusi.

"Cheka! Cheka, lakini mimi siendi. Niende nikajifunge kamba mwenyewe kwa ajili ya mifupa? Mifupa ni mifupa, shemeji. Jina ni la walio hai. Marehemu huwezi kumwita akaitika."

"Nilienda kuomba kiwanja cha bekari walichompa mume wangu," alisema Mama polepole, "wakataka cheti. Nikaja kwako ukasema linashughulikiwa. Kiwanja kikaenda. Nikataka kumwandikisha huyu Kiberiti shule ya mayatima, wakataka cheti. Ukasema linashughulikiwa. Nilidhani ni serikali inayonitesa. Nimeitukana serikali miaka kumi na tisa kwa dhambi yako."

Mwenyekiti aliwasha redio.

Wakatoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wala hawakusema kwamba nguo yenyewe huenda umeifua na kuipiga pasi mwenyewe. Kiberiti alikuwa anataka kurudi akavunje dirisha ambalo alilichomelea bure. Mama alimshika.

"Kesho tunachukua cheti," alisema.

"Cha nani, mama?"

"Cha shemeji yangu. Si amekufa?"

Ijumaa saa mbili walikuwa dirishani. Karani alimsikiliza Fundi, akawatazama wote watatu, kisha akajaza fomu ya nakala ya cheti bila kuuliza aliyokwisha kuyajua. Aliuliza tu lililomo kwenye fomu.

"Marehemu ni nani wako?"

"Baba yangu mkubwa."

"Poleni sana."

"Ahsante," Mama aliitikia. "Alitutoka zamani, sisi ndiyo tumejua jana."

Karani aliinamisha kichwa akapiga muhuri. Saa saba na nusu msimamizi wa makaburi alilinganisha cheti na daftari, herufi kwa herufi. Vililingana. Akatoa fomu. Fundi alijaza akiwa amesimama, kwa mkono uliozoea kupima, na penye jina la marehemu akaandika la baba mkubwa. Kaburi lilikuwa limepona. Alitoka pale akiwa na hasira kuliko alivyoingia.

Kuhamisha kulifanyika Jumatano iliyofuata. Sanduku lililotoka kaburi namba 412 halikuzidi sanduku la vyombo, na Mama alipoliona alisema, "Huyu mtu alikuwa mrefu," kama anayemlalamikia mwenye duka.

Mwenyekiti alikuja. Nani alimwalika? Hakuna, lakini palipo na watu wamesimama na mtu mmoja anahitajika kusema, yeye hakosi. Alivaa koti. Alimsogelea Mama kwenye makaburi mapya, akanong'ona:

"Mmetumia akili, shemeji. Yamekwisha kimya kimya, hakuna aliyeumia."

Mama alikuwa akitazama shimo.

Ofisa wa manispaa alikuja na orodha yake. "Saini za ndugu wawili, na vitambulisho." Mwenyekiti, kwa mazoea, alikwisha kuchomoa kalamu. Ofisa akanyoosha mkono. "Kitambulisho, mzee."

Kalamu ikarudi mfukoni. "Nimekisahau nyumbani."

Mama akasaini. Ilimchukua muda, maana hakuwahi kutakiwa saini katika jambo lolote la mumewe. Fundi akasaini chini yake. Sanduku likashushwa, udongo ukarudishwa, na wachimbaji wakashindilia kwa migongo ya sepetu. Kisha ofisa akatoa kibao cha bati kilichokuja kimeandikwa tayari kwa rangi nyeusi, kama vile vya makaburi mengine yote, akakipigilia kichwani pa kaburi.

Mwenyekiti alikuwa ametoa karatasi ya hotuba. Akainua macho aanze, akasoma kibao.

Majina matatu. Amezaliwa, mwaka wake. Amekufa, tarehe tisa.

"Hicho kitoeni," alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Wekeni namba. Si kuna namba?"

"Utaratibu wa huku ni jina."

"Jina hilo halikai hapo!"

"Marehemu ni nani wako?"

Mzee alimtazama Mama. Alimtazama Fundi. Mchimbaji mmoja, ambaye hakujua lolote, alikikaza kibao kwa kukigonga mara mbili kwa sepetu, na kwa kila pigo Mwenyekiti alifumba macho.

"Acha! Acha kugonga! Ni mimi huyo!"

"Wewe ni nani?"

"Jina ni langu! Mimi niko hai. Aliyemo humo ni mdogo wangu. Kitoeni, nawaomba, msinizike nikiona kwa macho yangu!"

Mchimbaji akamwuliza mwenzake, "Sasa hapa tumfukue nani?" na familia za makaburi ya jirani, zilizokuja na misiba yao wenyewe, zikacheka mpaka zikashikana mabega. Ofisa hakucheka. Alidai kitambulisho tena, na safari hii kile kilichosahaulika nyumbani kikapatikana mfuko wa ndani wa koti. Akakisoma, akakilinganisha na kibao, akamtazama mzee juu mpaka chini.

"Jumatatu saa mbili, ofisi ya vifo. Utatueleza nani alitia saini."

Mwenyekiti aliketi juu ya udongo uliobaki. Mdogo wake alilala chini ya jina lile miaka kumi na tisa, na hilo halikumnyima kaka mtu usingizi hata usiku mmoja. Yeye mwenyewe hakulivumilia hata dakika tatu. Alikuwa analia sasa, kwa sauti, hotuba imekunjamana mkononi.

Kiberiti alikwenda kwenye baiskeli yake, akafungua gunia, akatoa bamba la chuma alilolichomelea tangu Ijumaa ile: jina la baba yake, tarehe tisa, na chini, *mwoka mikate*. Ofisa aliangalia upande mwingine. Mama aling'oa kile kibao cha bati kwa mikono yake, akakipangusa udongo kwa mtandio, akakiweka magotini pa shemeji yake, kwa upole kabisa.

"Wewe lia, shemeji," alisema. "Karatasi tuachie sisi."